Mumbai: siku niliyogeuka mzungu



Najua nimepotea. Wengine mmeshaanza kusambaza kwamba nimedisko. Sijadisko jamani, nipo, mwaka wa tatu, elimu, Historia na Kiswahili kama kawaida, na bumu limechelewa kama kawaida. Kilichoniamsha leo ni ubishi wa juzi kwenye vimbweta. Jamaa mmoja anayesoma utalii alikuwa anatuuzia wazo lake la biashara: anataka kuwatembeza wazungu uswahilini. Tandale, Manzese, Vingunguti. Anasema Serengeti wameshaona, Zanzibar wameshaona, sasa wanataka "maisha halisi". Dada mmoja wa sheria akawaka moto: huo ni ushenzi, unauza umaskini wa watu kama unavyouza simba. Kila mtu akachangia. Mimi nikanywa soda yangu kimya kimya, na wanaonijua walishangaa, maana kunyamaza si kazi yangu.

Nilinyamaza kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni mtoto wa Tandale, sijui kama wote kwenye kile kimbweta walikuwa wanajua. Ya pili, Agosti 2025 na mimi nilikuwa mtalii uswahilini kwa watu, na nilifanya kitu ambacho bado nakionea aibu. Sasa naandika nilichopaswa kusema siku ile.

Tuanze mwanzo. Sikwenda Mumbai kutalii, nilikwenda kuuguza. Mama mdogo alikuwa na tatizo la uti wa mgongo, ukoo ukachangishana, kikao kikakaa, ikaamuliwa aende India kufanyiwa upasuaji. (Msiniulize kwa nini India. Wajomba walishajadili hilo hadi saa nane usiku, sina nguvu ya kulirudia.) Ikatafutwa mtu wa kumsindikiza: awe mwanamke, awe yupo likizo, aongee Kiingereza, na asiwe na mume wa kumuuliza. Vidole vyote vikanielekea.

Tulifikia nyumba ya wageni mtaa wa Parel, katikati ya mji. Upasuaji ulikwenda vizuri, mshukuruni Mungu pamoja nami. Ila baada ya upasuaji unaruhusiwa kumwona mgonjwa asubuhi kidogo na jioni kidogo, basi. Katikati hapo una saa saba huna pa kwenda. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi nikalia. Siku ya pili nikalia tena. Siku ya tatu mama mdogo mwenyewe, yupo kitandani hawezi hata kugeuka, akaniambia, "Mwanangu, nenda ukatembee, sura yako inanitia wasiwasi." Ndiyo nikaanza kutembea.

Kama kila mgeni nilianzia Gateway of India. Ni lango kubwa la mawe linalotazama bahari, lilimalizika 1924, kwa kumbukumbu ya mfalme wa Uingereza aliyefika pale 1911. Wanajeshi wa mwisho wa Kiingereza waliondokea hapo hapo Februari 1948, jambo ambalo mimi kama mwanahistoria lilinifurahisha kuliko lango lenyewe. Mkabala wake ipo hoteli ya Taj ya 1903, moja ya sehemu zilizoshambuliwa Novemba 2008. Nikapiga picha. Nikauziwa puto kubwa nisilolihitaji. Baada ya dakika ishirini nikawa nimemaliza, nikajiuliza: hivi ndiyo Mumbai hii? Nimeona mawe, njiwa na watalii wenzangu. Na hili nalisema bila kumuonea mtu haya: anayeishia kwenye sanamu na malango hajafika. Ni sawa na mtu aje Dar, apige picha na Askari Monument, arudi uwanja wa ndege.

Mji nilianza kuuona nilipopanda treni.

Treni za Mumbai wanaziita lokali. Nauli ya chini ya daraja la pili ni rupia 5, na kila siku zinabeba watu zaidi ya milioni 7. Reli ya kwanza ya abiria India ilianzia mji huu, tarehe 16 Aprili 1853, kutoka Bori Bunder mpaka Thane, kilomita 34. Hapo Bori Bunder sasa ndipo ilipo stesheni kubwa ya Chhatrapati Shivaji, wazee bado wanaiita VT, jengo lenye minara na sanamu za wanyama utadhani kanisa limeoana na ikulu. Lilijengwa miaka kumi, 1878 hadi 1888, na tangu 2004 liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini jengo liache. Panda treni.

Kuna behewa la wanawake. Wasichana wenzangu mliozoea kugombea daladala la Mwenge mkononi mmeshika begi na heshima yenu, mtanielewa nikisema nilitaka kulia kwa furaha. Usifikiri kuna nafasi, nafasi hakuna. Kiti cha watu watatu wanakaa wanne, na yule wa nne anakaa na nusu ya kiuno, na ni haki yake, hakuna anayebisha. Unauliza mtu aliyekaa anashuka wapi, unakibuku kiti chake kabla hajanyanyuka. Wamama wanatoka kazini wanachambua mboga humo humo, wakifika nyumbani wanabandika tu. Anapita muuza vibanio vya nywele na hereni, bei wanapatana, pesa inapita mkono kwa mkono vichwani mwa watu na chenji inarudi vile vile, haikosi hata shilingi. Mama mmoja aliniona nimeganda mlangoni kama boya, akanivuta kwa bega, akanisogezea zile inchi tano za kiti cha nne. Hatukuwa na lugha. Aliniambia "baitho, baitho", nikajua ni kaa.

Na milango haifungwi. Watu wananing'inia. Wapo wanaokufa hivyo, na pale karibu na kwetu Parel kuna daraja la waenda kwa miguu ambapo tarehe 29 Septemba 2017 watu 23 walikufa kwa kukanyagana wakati wa mvua. Nililipita kila siku. Ukipita sehemu kama ile huwezi kusema unasafiri kwenye "vivutio". (Baadaye Oktoba 2025, mimi nimesharudi, wakafungua kipande cha mwisho cha metro ya chini ya ardhi. Nasikia ina kiyoyozi. Bahati ya wengine hiyo.)

Lugha nayo ilinichekesha. Nilikuwa natembea nasikia maneno yetu yamevaa sari. Gari wanasema gaadi. Duka ni dukaan. Bima ni bima. Barafu, chai, rangi, dobi, zote nilizikuta huko, na nikakumbuka mwalimu wetu wa isimu alivyotupa maswali ya asili ya maneno tukayachukia. Kumbe ningepewa nauli ya lokali ningepata A. Bajaji nazo zipo, na wenyewe hawaziiti bajaji, wanasema rikshaw au oto, ukisema bajaji wanadhani unaulizia kampuni. Tena kusini mwa mji haziruhusiwi, mwisho wake Bandra na Sion, kule chini ni teksi nyeusi na njano tu. Na chakula cha njiani kinaitwa vada pav, yaani kachori ya viazi imelala ndani ya mkate, na pilipili ya kitunguu saumu iliyosagwa. Pav ni mkate, neno la Kireno, maana Mreno alikuwa na mji huu kabla ya kumpa mfalme wa Uingereza kama mahari ya binti mwaka 1661. Nilikula vada pav siku kumi na moja mfululizo. Msiniambie kuhusu tumbo.

Mtaa wetu wa Parel ulikuwa wa viwanda vya nguo. Mabomba marefu ya moshi mengine bado yamesimama, lakini chini yake sasa kuna maduka makubwa na maghorofa ya vioo. Januari 1982 wafanyakazi kama laki mbili na nusu waligoma, mgomo ukavuka mwaka, na viwanda vingi havikufunguka tena. Nilikuwa nimesoma migomo ya wafanyakazi darasani kama mistari ya kukariri, na pale nikakutana nayo katika umbo la mzee anayeuza chai kwa vikombe vya nusu, kaka wa mapokezi ndiye aliyenitafsiria. Mzee alifanya kazi kiwandani akiwa kijana. Duka lenye kiyoyozi lililopo sasa pale kilipokuwa kiwanda hajawahi kuingia. Nikafikiria kwamba nguo za viwanda vya Bombay ziliuzwa mpaka Zanzibar na mrima wote, na kanga nyingi tunazovaa mpaka leo zimechapwa India. Nilikuwa na kanga ya mama mdogo kwenye begi. Nikamwonyesha. Akaipapasa kingo kwa vidole viwili kama anavyopapasa fundi, akasema neno, kaka akacheka akanitafsiria: "Uzi mwepesi huu. Sisi tusingeipitisha."

Siku nyingine nikaenda Crawford Market, soko la 1869, siku hizi jina lake rasmi ni la Jyotiba Phule. Walimu wenzangu, huyu mtu msimpite. Yeye na mkewe Savitribai walifungua shule ya wasichana mjini Pune mwaka 1848, wakati ambapo kumfundisha msichana, tena wa tabaka la chini, ilikuwa kama matusi. Inasimuliwa kwamba Savitribai akienda kufundisha watu walimrushia matope na kinyesi, naye akawa anabeba sari ya pili ya kubadilisha akifika darasani. Sisi tunalalamika chaki. Na shule za manispaa ya Mumbai, sikilizeni hii, zinafundisha kwa lugha nane: Kimarathi, Kihindi, Kiurdu, Kigujarati, Kitamil, Kitelugu, Kikannada na Kiingereza. Nane! Manispaa moja! Sisi tuna Kiswahili kimoja kinachojulikana na nchi nzima, na bado mtoto akivuka darasa la saba tunamwambia sasa baolojia utaisikia kwa Kiingereza. Najua wazazi wa kule nao wanakimbilia Kiingereza, hawajapona ugonjwa huo. Ila angalau wanajua kwamba mtoto ana mdomo tayari. Haya, nisiingie huko, nitaandika siku nyingine.

Jirani na soko ni Bhendi Bazaar. Hapo nilijiona nyumbani kabisa, maana wenyeji wengi ni Mabohora, wale wale wa kule mjini kwetu wenye vikofia vyeupe vya mstari wa dhahabu na wamama wenye ridaa za rangi. Muuza vyuma mmoja aliposikia natoka Dar akaniita dada kwa Kiswahili. Shangazi yake aliolewa Mombasa. Mtaa wao wa majengo ya zamani unabomolewa na kujengwa upya kwa minara mirefu, na mradi wameuanzisha wenyewe kupitia taasisi yao. Nilipenda mitaa ile michafu kuliko minara. Nikamwambia. Akaniambia, "Dada, wewe umekuja kutazama, mimi nilikuwa napanda ngazi zinazotikisika na mama yangu mgongoni." Nikanyamaza. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kunyamazishwa. Weka akilini.

Worli nitaipitia haraka. Kuna kijiji cha wavuvi Wakoli, watu waliokuwepo kabla ya mji kuitwa mji, wakati bado ni visiwa saba. Mashua zina bendera, nyuma yake daraja kubwa la baharini la 2009, na wakati ule walikuwa ndiyo wamerudi majini baada ya miezi miwili ya kukatazwa kuvua. Kunanuka Feri. Nilikaa pale saa nzima nikitazama upepo wa kusi ukipiga, ule ule uliopeleka majahazi ya kwetu huko, na uliowapeleka pia wasiotaka kwenda. Maana katika watu waliofikishwa India kwa jahazi yumo yule Myao aliyetekwa mtoto, akauzwa, akaachwa huru baadaye akarudi Zanzibar na jina la Bombay, kisha akafuatana na Burton na Speke kwenye safari ya Ziwa Tanganyika iliyoanza 1857. Vitabuni wazungu ndio wamegundua. Sidi Mubarak Bombay alitembea njia ile ile pamoja nao.

Sasa Dharavi.

Mnaijua, hata kama hamjui jina. Ile filamu ya Slumdog Millionaire ya 2008, iliyozoa Oscar nane, imeifanya maarufu dunia nzima. Iko katikati ya mji, kati ya reli mbili, kama kilomita mbili za mraba na kitu, na watu wanakadiriwa kuanzia laki sita hadi milioni moja. Kwenye nyumba yetu ya wageni kulikuwa na kipeperushi: matembezi ya Dharavi na kiongozi. Nikakitazama kwa hasira, kabisa. Nikarudi nyuma miaka kumi na kitu.

Nilikuwa darasa la tano. Bibi yangu anakaanga vitumbua nje ya nyumba, Tandale, karibu na kwa Mtogole. Mimi nimeshavaa sare nasubiri viwili vyangu vya kwendea shule. Wakaja wazungu sita na kijana mwenye kofia. Wakasimama pale. Kijana anaeleza kwa Kiingereza huku ananyoosha mkono, kwenye mtaro, kwenye bati, kwenye Bibi. Mmoja akachuchumaa akapiga picha, Bibi na mimi na sufuria. Kisha wakaendelea. Mpaka leo kuna nyumba huko duniani kuna picha yangu nimeshika daftari, sijui imeandikwa nini chini yake. Nilikuwa sijui neno la hasira ile, lakini nilikuwa nayo.

Kwa hiyo kipeperushi nikakitupa. Nikajiona mtu wa haki.

Lakini kaka wa mapokezi alikuwa na ndugu yake fundi cherehani huko huko Dharavi, na mimi nilihitaji gauni la mama mdogo, pana, la kufungwa kwa mbele, maana mgongo haukubali kuinua mikono. Tukapanda treni Parel, tukashuka Sion. Na nawaambia ukweli, dakika kumi za kwanza nilikuwa nasubiri huzuni. Nilikuwa nimejiandaa kuhuzunika. Badala yake nilitaka kukanyagwa na mkokoteni. Kila mtu yupo kazini! Ghorofa ya juu wanashona, ya chini wanakata ngozi. Kuna upande mzima wa plastiki: ndoo, viti, chupa, zinachambuliwa kwa rangi, zinasagwa, zinaoshwa, zinayeyushwa ziwe punje na kuuzwa viwandani. Moshi wake ni mbaya, sitaki kuupamba, nilikohoa hadi usiku, na vijana wanaofanya kazi pale wengi nimewaona hawana hata kitambaa cha pua. Kumbharwada ndiyo mtaa wa wafinyanzi, wazee wao walitoka Gujarat, wakati ule walikuwa wanatengeneza maelfu ya vitaa vya udongo vya sikukuu ya Diwali. Vichochoro vingine mwanga haufiki, unatembea umeinama na nyaya juu ya kichwa.

Fundi akanipima kwa kukisia, nikamwonyesha kwa mikono unene wa mama mdogo, mkewe akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza ni nani yangu. Nikasema ni mdogo wake mama. Wakasema "maushi". Wana neno lake! Sio "anti", ni mama mdogo kamili. Tangu hapo kila mtu pale alikuwa anauliza hali ya maushi.

Tulipokuwa tunatoka, kwenye mlango mmoja, mama amekaa kizingitini anamsuka binti yake, binti amevaa sare ya shule, ameshika daftari magotini. Mwanga umetoka pembeni vizuri sana. Mkono wangu ukaingia begini wenyewe. Simu, picha, sekunde mbili. Yule mama akainua macho. Hakusema kitu. Aliweka kiganja kwenye shavu la mtoto, akamgeuzia uso ndani.

Kha! Niliwahi kuchapwa viboko, niliwahi kupata sapu, lakini sijawahi kujisikia vile. Kaka wa mapokezi alijifanya hajaona. Nilifuta ile picha kwenye treni, kwenye behewa la wanawake, nimekaa kiti cha nne. Kuifuta hakukubadilisha chochote, alishanihesabu na wale.

Sasa turudi kwenye vimbweta.

Dada wa sheria, nakuheshimu, lakini sikubali kwamba dawa ni watu wasiende. Nisingeenda Dharavi ningerudi na ile Dharavi ya filamu, nikabaki namhurumia fundi ambaye hana haja ya huruma yangu, ana haja ya oda. Mgeni asiyevuka daraja la Manzese atakaa hotelini Masaki akisimuliwa na wengine kwamba sisi ni wezi na kipindupindu. Kutupita nako ni kututukana. Na kuna jambo kubwa zaidi ya picha: Dharavi inataka kujengwa upya, zabuni ilichukuliwa na kampuni ya Adani Novemba 2022. Waliokuwepo kabla ya 1 Januari 2000, wa nyumba za chini, wameahidiwa nyumba hapo hapo bure, futi za mraba 350. Waliokuja baadaye, na waliopanga juu, wanapelekwa kwingine. Fundi yuko juu. Alikuja 2004. Mjini kwetu mnakumbuka alama za X nyekundu na bomoabomoa ya bonde la Msimbazi Desemba 2015. Mtaa ambao hakuna mgeni aliyewahi kuuona kama mahali pa kazi ni rahisi kuubomoa, maana kwenye karatasi umeandikwa "vibanda".

Na wewe jamaa wa utalii, usifurahi bado. "Maisha halisi" ni maneno ya kitapeli. Maisha ya Masaki ni halisi pia, mbona huwapeleki wakachungulie madirishani? Huwapeleki kwa sababu kule kuna ukuta na mlinzi. Uswahilini mlango uko wazi kwa sababu ndani kuna joto, siyo kwa sababu tumekaribisha. Kule Mumbai nilisikia kuna kampuni za matembezi zinazokataza kabisa picha, na kidogo zinaniridhisha, ila bado ni watu sita wamesimama wanaelezwa mtu aliyekaa. Tofauti yangu ya mwanzo na ya mwisho siku ile ilikuwa nini? Kwa fundi nilikwenda na shida. Nilikuwa namhitaji. Alinicheka, alinipangia bei, alinikatalia kitambaa cha rangi niliyotaka akasema kitachuja, na alisema kweli. Kwa yule mama wa kizingitini sikuwa na shida yoyote, nilikuwa na simu.

Niliporudi Dar nilimuuliza Bibi kama anawakumbuka wale wazungu. Nilitegemea aseme kuhusu heshima, au kuhusu picha. Bibi alifikiri kidogo, akasema, "Wale sita? Hawakununua hata kitumbua kimoja. Na vilikuwa vya moto."

Mama mdogo anatembea, kwa wale mlionipigia simu. Anatembea na fimbo, polepole, na gauni la Dharavi halivui, limeshafuliwa mpaka maua yamepauka lakini mshono haujaachia.

Jamaa wa utalii kaniomba Jumamosi tukapange njia ya kupita Tandale. Nimemkubalia. Nimemwambia aanzie kwa Bibi, saa kumi na mbili asubuhi, aache simu bwenini na aje na njaa. Dada wa sheria naye anasema anakuja, kutusimamia. Haya, naenda Yombo, kipindi ni saa nane na sijasoma desa hata ukurasa.